Kwinini ya Woga

Mume wangu alikuwa analipwa kusikiliza. Wanaume wengine wa kambi ya reli pale Kamina walikuwa na kazi ambazo hata mtoto angeweza kuzieleza: huyu anaendesha treni, yule anafunga mabehewa, yule pale anakata tiketi. Wangu alitembea kandokando ya treni iliyosimama, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akagonga gurudumu moja moja na kutega sikio. Gurudumu zima hulia vizuri, sauti safi inayokawia kidogo hewani. Lenye ufa hutoa mlio mfupi, butu, hata kama ufa wenyewe huuoni kwa macho. Akisikia hivyo hutundika kadi nyekundu, na behewa hilo haliondoki Kamina mpaka lipitie karakana. Kwa Kifaransa cha kampuni aliitwa visiteur, mwenye kutembelea. Nilikuwa nikimtania kwamba anatembelea magurudumu kila siku, lakini mama yangu kule Bukama hamtembelei hata mara moja kwa mwaka.

Alicheka tu. Upole wote wa nyumba ile alikuwa nao yeye. Mimi nilibakiwa na mdomo. Nilikuwa nauza samaki wakavu karibu na stesheni, samaki ambao dada yangu aliwapakia kwenye treni ya Bukama, na mtu hauzi samaki Kamina bila mdomo. Mnunuzi anamgeuza samaki mara kumi, anamnusa, anamwuliza habari za ukoo wake, halafu anasema atapita kesho. Kwa watu wa namna hiyo nilijifunza kujibu kabla sijaulizwa.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, tulipokuwa tunaitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, kwenye kila ofisi. Tulikaa katika nyumba ya kampuni, matofali na vyumba viwili, na mpapai uani. Nyumba ilifuata kazi: kazi ikiisha, unabeba vyungu vyako. Matibabu nayo yalifuata kazi. Kila familia ilikuwa na karneti, kijitabu cha jalada gumu, na ukiugua unakwenda nacho dispansari ya kambi, unatibiwa wewe, mume na watoto. Ukiumia vibaya, kampuni inakupandisha treni mpaka hospitali ya Lubumbashi, unapewa kitanda, na kazi yako inakungoja. Tulijisifia jambo hilo mbele ya majirani wasiokuwa wa reli mpaka wakatuchoka.

Sasa siku moja treni ya mahindi, ambayo mume wangu aliigonga asubuhi na kuiruhusu, iliacha reli upande wa Kabondo-Dianda. Hakufa mtu. Magunia yalipasuka, na nasikia vijiji vya karibu vilikula bukari, ugali wetu wa mahindi, siku nyingi bila kushika jembe. Kampuni ilituma watu wake wakapima na kuandika, na mwishoni mkuu wa wakaguzi, ambaye sote tulimwita Shefu, alikuja mwenyewe nyumbani kutuambia matokeo.

"Si weye," alimwambia mume wangu. "Ni reli njo ilivunjika. Magurudumu yote ilikuwa nzima."

"Aksanti, Shefu," mume wangu alijibu, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi nikaona usoni mwake kwamba hakuamini hata neno moja.

Ndipo alipoanza kugonga. Kwanza sufuria. Nilikuwa jikoni, naye akaingia, akainama, akaligonga sufuria kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Baba, juu ya nini unapiga sufuria yangu?"

"Naskia kama iko na ufa."

"Iko na maharagwe. Acha."

Akaacha sufuria, akaenda kwenye ndoo. Kutoka ndoo akahamia kitanda, kutoka kitanda akahamia sahani za mabinti wetu wawili, ambao walizoea upesi kungoja baba amalize kukagua ndipo wale. Jumapili aligonga benchi la kanisa wakati wa mahubiri, na mchungaji, akidhani mtu anabisha hodi, akanyamaza na kusema karibu. Wiki ile ya kwanza nilicheka sana. Niliwasimulia wenzangu sokoni, nao wakacheka. Sijivunii hilo, lakini nalisema kwa sababu ni kweli.

Kicheko kiliisha alipoacha kula. Usingizi ulimkimbia, mikono ikaanza kutetemeka, na akienda kazini alirudi nusu ya treni ili kugonga upya yale magurudumu aliyokwisha kuyagonga. Halafu Shefu akaja tena nyumbani, safari hii bila kukaa.

"Mama, leo bwana yako ametundika kadi nyekundu ku mabehewa yote. Treni muzima. Ku locomotive pia ameweka moja."

Nikauliza kama treni imeondoka. Alisema imeondoka imechelewa sana, na machinisti, mwendesha treni, ametukana kwa lugha tatu.

"Minyi namupenda," Shefu akaendelea, "hakuna mwenye masikio kama yake mu Kamina. Lakini muntu anakaa ku nyumba bila papier ya muganga, banaandika kama anakataa kazi. Wiki mbili, kisha banatosha jina yake. Leta papier, Mama. Minyi nitangoja papier."

Wiki mbili, halafu jina linafutwa, na jina likifutwa nyumba inaondoka, karneti inaondoka, na mwanamume yule mpole anabaki na woga wake kwenye kibanda cha kukodi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kesho yake nilimshika mkono tukaenda dispansari.

Muuguzi wa pale alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na maswali yake yalikuwa yamepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Uko na homa?"

"Hapana," mume wangu akajibu.

"Kidonda?"

"Hapana."

"Tumbo iko nakimbia?"

"Hapana."

"Sasa uko na nini?"

"Niko na woga."

Muuguzi akaifunga karneti yetu bila hasira, akaisukuma upande wetu wa meza. "Woga haina mu règlement, Baba. Mambo ya kichwa, kampuni haitunzake. Mwende ku familia, ao ku kanisa."

Nilimwuliza kama, kwa maarifa yake, mume wangu anapokwenda kazini kichwa anakiacha nyumbani kwenye msumari. Akasema hakuitunga sheria yeye. Nikataka kuendelea, maana nilikuwa nimeshapata moto, lakini mume wangu alinivuta kitenge.

"Twende, Mama. Bantu bananiangalia."

Ni kweli walikuwa wanamwangalia. Pale kambini mtu akivunjika mguu, ua wake unajaa kabla jioni haijafika: huyu na unga, huyu na sukari, huyu na mikono mitupu na hadithi ndefu. Mtu akiumwa kichwa cha namna ile, watu wanabadili njia. Nami sikuwa bora kuliko wao. Kulikuwa na mwanamke mmoja karibu na soko aliyekuwa akiongea peke yake, na kwa miaka mingi nilizunguka nyuma ya maduka ili nisipite mbele yake. Sasa nilijiona mimi ndiye nitakayezungukwa, na nikaogopa. Nikafanya ujanja.

Siku mbili baadaye nilimfunika mume wangu blanketi juani, nikamrudisha dispansari akiwa anatetemeka. Kutetemeka kulikuwa kwa kweli, mengine yalikuwa yangu. Nikasema usiku ana baridi, mchana ana joto, mdomo mchungu, viungo vinauma. Nilimwelezea malaria nzuri kabisa, maana mwenyewe nimeugua mara nyingi. Muuguzi alifurahi mpaka akasimama.

"Njo ile! Mbona ile siku hamukusema?"

Hata homa hakupima. Akamdunga kwinini, akatupa vidonge vya kwinini vya kuendelea navyo nyumbani, akaandika karatasi ya siku tano, akaipiga mhuri. Nilimpelekea Shefu karatasi ile mbiombio, na Shefu akaitia kwenye faili bila kuniangalia machoni. Nadhani alijua.

Jioni ua wetu ukajaa. Wakaja na unga, wakaja na sukari, mmoja akaja na kuku mwekundu aliyekuwa na hasira kuliko mimi. Kila mmoja akakaa kitako na kusimulia malaria yake, ambayo kwa kila msimulizi ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Mume wangu alikaa katikati na blanketi lake, akiitikia kwa adabu, na mimi nikazunguka na chai nikijisifu moyoni. Nilikuwa nimepata karatasi, nimepata wageni, nimepata na kuku. Nilimhimiza ameze vidonge kwa saa zake, kwa sababu niliona ni haki kwamba tukidanganya tudanganye kwa ukamilifu.

Siku ya tatu asubuhi akaniuliza nani anapiga kengele.

"Hakuna kengele, Baba."

"Iko. Toka usiku."

Alitoka uani, akaichukua nyundo yake nyuma ya mlango, akaenda mpaka kwenye kipande cha reli kilichokuwa kimetundikwa mwisho wa safu yetu ya nyumba, kile cha kuitia watu mkutanoni. Akakigonga. Akatega sikio. Akakigonga tena kwa nguvu, mpaka majirani wawili wakatoka na viti wakidhani kuna mkutano. Nilipomfikia alikuwa ameiweka nyundo chini, mikono amefunika masikio.

"Mama, masikio yangu imekufa," alisema. "Naskia kengele tu. Kama masikio imekufa, minyi ni nani?"

Alilia pale pale, mchana kweupe, na majirani wakarudi ndani na viti vyao. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Niliiokota nyundo, nikamshika mkono, nikamrudisha nyumbani.

Sokoni nilikuwa nauza jirani na mke wa askari wa pale kambi ya jeshi, mwanamke kutoka mkoa wa Équateur aliyeuza unga wa muhogo na kuchanganya Kiswahili na Kilingala kadiri alivyopenda. Kwake niliufungua moyo, kwa sababu hakuwa wa reli na hakuwa na wa kumpelekea maneno. Alinisikiliza huku akipima unga, kisha akaacha kupima.

"Mama na ngai! Unamupa kwinini muntu wa masikio? Ile dawa njo inapiga kengele mu kichwa! Minyi mwaka uliopita niliskia kengele siku sita. Ukiacha dawa, inaacha."

Sijui nilicheka au nililia kwanza. Ningeweza kumpa ndulele, ningeweza kumpa majivu, lakini katika dawa zote za duniani mimi nilimchagulia mgonga magurudumu dawa inayopiga kengele masikioni. Nilikuwa nimemdhuru kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na nimewachukia watu kadhaa.

Mke wa askari akanipiga begani. "Sasa usidanganye tena. Kule kwetu ku base tuko na wanaume wengi wanatetemeka hivyo. Banaume bakubwa, na vyeo. Haiko haya. Iko ugonjwa."

Nikamwachisha vidonge siku ile ile. Nikamweleza kwamba kengele ni ya dawa, itaisha. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mtoto anayewafariji. Alikuwa ameshajua kwamba mimi ni mwongo. Kwa nini aniamini katika hili? Na karatasi ya siku tano ilikuwa inakwisha. Ningeweza kurudi kwa muuguzi, naye angefurahi kuendeleza malaria yetu wiki baada ya wiki, na nyumba ingebaki, na mume wangu angedungwa kwinini mpaka asisikie kitu tena. Ama ningesema kweli, na karatasi ikafa hapo hapo. Nilizunguka na jambo hilo siku nzima. Niliunguza maharagwe, nikamkosea mteja mmoja kwa kumpa samaki mkubwa, naye hakunikumbusha.

Daktari wa kampuni alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi mara moja kwa mwezi, na bahati nzuri siku yake ilikuwa karibu. Tulifika mapema lakini benchi la nje lilikuwa limejaa: mama mjamzito, wazee wawili wa migongo, fundi mwenye kidole kilichofungwa, na wengine. Tulipoitwa, mlango ulibaki wazi, kwa sababu ya joto na kwa sababu watu wa kambi hawapendi kukosa habari.

Daktari alikuwa kijana bado, miwani mikubwa, koti la abacost, vazi la maofisa wa miaka ile, limembana shingoni. Muuguzi akamsomea karneti: malaria, kwinini, siku tano.

"Dokta," nikasema, "bwana yangu hana malaria. Minyi njo nilidanganya."

Benchi lote liligeukia mlangoni. Hata yule mama mjamzito aliacha kujipepea.

"Ulidanganya juu ya nini?" daktari akauliza.

"Juu malaria iko na papier, woga haina."

Nikamweleza yote kwa mpangilio: treni ya mahindi, sufuria, kadi nyekundu, kwinini, kengele. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Daktari hakuandika kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, na mimi naheshimu sana mtu anayeweza kunisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kichuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwenye goti lake na kukisogeza karibu na sikio la mume wangu.

Mume wangu akainua kichwa.

"Piga tena," alisema.

Daktari akagonga tena. Mume wangu akafumba macho. Nilimwona akiufuata ule mlio mwembamba mpaka ukaisha kabisa, kama alivyofanya kazini miaka yote, na midomo yake ikatulia.

"Hii haina ufa," akasema.

"Haina," daktari akakubali. "Na masikio yako haina pia. Kengele iko ya dawa. Siku chache, itanyamaza."

Akaamini! Mimi nilikuwa nimemwambia maneno hayo hayo tangu juzi, asubuhi na jioni, lakini mimi sikuwa na chuma.

Daktari akamwuliza mambo mengine kwa sauti ya chini, juu ya usingizi, juu ya chakula, juu ya yale mawazo yanayorudi. Mume wangu alijibu yote. Mwishoni daktari akasema huu ni ugonjwa, una jina lake na una dawa yake, na Lubumbashi kuna daktari wa mambo hayo. Atamwandikia karatasi ya mapumziko na ya safari. Hapo muuguzi akakohoa.

"Dokta, règlement inakataza. Mambo ya kichwa, kampuni haitunzake."

Nilijua nitaharibu, na nikaharibu.

"Muganga," nikamwambia, "ile siku, kama gunia ya mahindi ingemuangukia ku muguu, mungemupa papier, mungemupa treni, mungemupa kitanda mpaka atapona. Haikumuangukia ku muguu. Ilimuangukia mu roho. Kazi iko ile ile, treni iko ile ile, kampuni iko ile ile. Sasa munataka nirudi ku nyumba nimupige muguu na nyundo, juu apate papier?"

"Usimupige, Mama!" akaitikia mzee mmoja kutoka benchini, na benchi lote likaangua kicheko. Hata mume wangu alifunika mdomo.

Daktari hakucheka, ila miwani yake ilisogea kidogo. Alimwomba muuguzi amwonyeshe hiyo règlement. Muuguzi akafungua kabati, akahamisha chupa, akahamisha mabeseni, akatoa kitabu ambacho mende walikuwa wameanza kukisoma kabla yetu. Akapuliza vumbi. Daktari akakifungua, akafuata mistari kwa kidole, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Wapi imekataza?"

"Muganga wa mbele yangu aliniambia vile," muuguzi akasema. "Na yeye aliambiwa na wa mbele yake."

"Hapa imeandikwa mufanyakazi akipata ugonjwa," daktari akasema. "Haikuandikwa ugonjwa ya wapi."

Miaka yote hiyo! Wangapi walikuwa wamesukumiwa karneti zao upande ule wa meza, wakaenda zao kimya, kwa ajili ya sheria ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika? Nilimtazama muuguzi nikiwa tayari kumwambia. Lakini alikuwa amekaa kitini, kalamu zake tatu mfukoni, na uso wa mtu aliyehesabu watu hao kabla yangu. Nikayameza maneno yangu, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Daktari akachukua karatasi, ile ile ya kila siku, akaandika. Akasema kampuni inaweza kuuliza kwa nini, na wakiuliza atajibu yeye. Kisha akamsukumia muuguzi karatasi, na muuguzi akasimama, akauvuvia mhuri pumzi ili wino ushike vizuri, akaugonga mara mbili. Ilipomfikia Shefu aliisoma yote, akaisoma tena, safari hii akaniangalia machoni.

Nitasema sasa hivi, kwa ajili ya msomaji asiyependa kungojeshwa: mume wangu alipona. Haikuwa siku moja. Alikaa Lubumbashi karibu miezi mitatu, akimeza dawa na kuzungumza na daktari yule wa pili, mzee mpole kama yeye mwenyewe, na nadhani walikuwa wakinong'onezana tu. Aliporudi, Shefu alimweka kwanza kwenye ghala la vipuri, halafu akamrudishia treni moja, halafu mbili. Woga ulimrudia mara kwa mara kama homa inavyorudi, na ukirudi tulijua wapi pa kwenda na nini cha kusema. Aligonga magurudumu mpaka nywele zikawa nyeupe. Kampuni haikuuliza kitu.

Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi tuliyoondoka. Mabinti tulimwachia dada yangu, aliyekuja na treni ya Bukama akinuka samaki kama kawaida ya ukoo wetu. Tulikuwa tumepewa nafasi katika behewa la wafanyakazi wagonjwa. Ndani kulikuwa na mtu mmoja tu, mfunga mabehewa kutoka njia ya Kasai, mguu wake wa kulia mweupe kwa plasta mpaka pajani, umenyooshwa juu ya benchi lote. Tukasalimiana. Treni ikatikisika, ikaanza kwenda. Mume wangu alisimama akishikilia fremu ya dirisha, maana hapakuwa na pa kukaa, na mimi nikakalia kapu letu.

"Minyi njo muguu," yule mtu akasema, akiipiga plasta kwa kiganja. "Behewa mbili zilinibana. Na weye, Baba, uko na nini?"

Nikafungua mdomo. Malaria ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wangu, imevaa vizuri, tayari kutoka. Mume wangu akaniwekea mkono begani.

"Niko na woga," akasema. "Ulinishika sana. Naenda kutunzwa."

Yule mtu akamtazama. Nikaanza kuhesabu vituo mpaka Lubumbashi, nikifikiri tutavipita vyote hivyo mume wangu akiwa wima. Akauliza kama kweli kampuni imempa karatasi. Mume wangu akaitoa mfukoni, akamnyooshea. Yule mtu akatoa ya kwake chini ya kofia, akaziweka mbili pamoja juu ya plasta: karatasi ile ile, mhuri ule ule, kitanda katika hospitali ile ile. Akazisoma polepole, midomo ikicheza, akarudisha ya mume wangu.

Halafu akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauinua kwa kuguna, akaushusha sakafuni taratibu. Nusu ya benchi ikawa wazi.

"Kaa, Baba," akasema. "Njia iko mrefu, na shiye bote tuko bagonjwa."

Mume wangu akakaa. Nimesikia mengi mazuri yakisemwa juu ya mwanamume yule katika maisha yetu, lakini sikuwahi kufurahi kama siku ile, niliposikia mtu akimwita mgonjwa.